Kiapo cha Kioo

Mdogo wangu alivimba mikono kabla hajajua kutembea. Vidole vilinenepa, ngozi ikang'aa, na akiguswa alitoa kilio kirefu kisicho na machozi. Baada ya siku chache uvimbe ulishuka, akanyonya, akacheka, na watu wa Bugwema wakasema mtoto amepona. Mama hakusema hivyo. Alikuwa ameshaiona mikono ya namna hiyo kwa watoto wawili aliowazaa kati yangu na huyu, na wote wawili walikuwa wamelala nyuma ya nyumba, kwenye mikonge.

Wa kwanza walisema ni malaria. Wa pili walisema ni jicho la mtu. Nilikuwa bado mdogo, lakini nakumbuka nikiuliza kwa nini malaria na jicho vyote vilianza kwa kuvimbisha vidole vilevile. Niliambiwa mtoto hahoji msiba. Nimeendelea kuhoji tangu siku hiyo, na sijawahi kupendwa kwa ajili hiyo.

Kila asubuhi, kabla ya uji, mama alimshika binti yake kidevu, akamgeuzia uso penye mwanga wa mlangoni, akalivuta kope la chini kwa kidole gumba. Alitazama nyama ya ndani ya jicho. Kisha alikunjua kiganja cha mtoto na kukilinganisha na chake. "Leo mwekundu," alisema, akachukua jembe. Siku nyingine alisema, "Leo mweupe," na siku hiyo jembe lilibaki ukutani. Alikaa naye, akamnywesha maji hata asipotaka, akamfunika hata jua likiwaka. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amejifunza kwa wale wawili, walipokuwa hawana tena faida na somo lake.

Damu lilikuwa neno la kila siku kijijini. Wajawazito walikwangua udongo wa kichuguu wakautafuna, wakisema damu inautaka. Watoto waliotembea peku kwenye mashamba tulimojisaidia walishikwa na safura, wakapauka, wakachoka hata kucheza. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi kwenye uzazi alitafutiwa maini na mchicha. Yote hayo yalipewa jina moja, kupungukiwa damu, na kwa kuwa jina lilikuwa moja, watu waliamini ugonjwa nao ni mmoja. Lakini mdogo wangu alipungukiwa hata alipokula maini. Macho yake yalikuwa na umanjano hata siku alizoruka kamba. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya kukolea. Tumbo lilimjaa upande wa kushoto, na darasani alikuwa mfupi kuliko wote. Maumivu yalimjia miguuni, kiunoni, kifuani, hasa akinyeshewa mvua au akishinda shambani bila maji. Zahanati ilikuwa na klorokwini, ikiwa nayo ilikuwepo, kwa hiyo alipewa klorokwini, akajikuna usiku kucha.

Baba alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa mabega, ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana. Alipenda watoto wake kwa namna ya wanaume wa kwetu, yaani aliwalisha na hakuwasemesha sana. Aliyesema sana ni shangazi, dada yake mkubwa, aliyeolewa Bunda. Mama alikuwa ametoka Butiama, na shangazi hakuacha hilo lipite hata mara moja.

"Kwetu hatunaga watoto wa macho ya manjano," alisema kila alipotutembelea, akiwa hajaketi. "Tulipeleka ng'ombe Butiama, Butiama wakatuletea ugonjwa."

"Karibu kiti, wifi," mama alijibu.

"Nakaa, nakaa. Kiti ni cha kaka yangu."

Mdogo wangu alipotimiza miaka kumi na moja, maneno hayo yalianza kuwa kesi. Wazee wa ukoo walisema watakaa baada ya pamba kuuzwa. Ikionekana ubaya uko kwa mama, atarudi kwao, na ng'ombe watarudi. Mtoto atabaki, maana mtoto aliyetolewa ng'ombe ni wa baba. Hapo ndipo nilipoogopa. Ndoa ya wazazi wangu sikuifahamu kiasi cha kuililia. Lakini mdogo wangu angebaki Bugwema bila mtu pekee aliyejua kulisoma kope lake, na sikuona angeishi mwaka.

Wakati huo nilikuwa nasoma chuo kikuu, Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya foleni, miaka ambayo mwanafunzi akirudi likizo anabeba miche ya sabuni na kuificha chini ya vitabu. Nilishuka kwenye basi la Mwanza nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, nikatembea hadi nyumbani, nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye ngozi uani, kajifunga khanga mabegani.

"Kaka, umeleta kete?"

"Kete za nini?"

Aligeuka akashusha khanga. Mgongoni alikuwa na alama za mviringo, zimepangwa safu mbili, na katikati ya kila mviringo vidonda vidogo vya wembe vilivyoanza kukauka. "Mimi ndiyo bao," alisema. "Miguuni pia wamechimba. Ukitaka tucheze, kete lete mwenyewe."

Shangazi alikuwa amemchukua kwenda Bunda, kwa mzee wa kupiga chuku aliyekaa nje ya kiwanda cha kuchambua pamba na pembe zake kwenye kikapu. Mzee huyo alimchanja kidogo kila palipouma, akaweka pembe, akafyonza hewa kupitia tundu la juu, akaliziba kwa nta. Damu ilipojaa kwenye pembe aliimwaga kwenye jani la mgomba na kumwonyesha shangazi ilivyoganda. Alimwambia ile ndiyo damu mbaya inayokaa kwenye maungio.

Nilimuuliza mama kwa nini alikubali. Alikuwa anapepeta mtama na hakuinua kichwa. "Baba yako aliruhusu. Ningekataa, wangesema kuna kitu naficha."

Shangazi mwenyewe bado alikuwepo, kwa majirani. Nilimfuata huko. "Shangazi, mtu aliyepungukiwa damu unamtoaje damu?"

"Msomi amefika," aliwaambia wenzake. Kisha akanigeukia. "Gunia la pamba likiwa na takataka, unafanyaje? Si unatoa takataka?"

"Na kama pamba yenyewe ni kidogo?"

"Basi hiyo hiyo kidogo iwe safi, baba."

Wakacheka, mimi nikaondoka. Hakuwa amenishinda. Tatizo ni kwamba hata mimi sikujua ndani ya gunia kuna nini. Nilikuwa nimesoma uchumi wa nchi maskini mpaka nikaweza kueleza kwa nini hakuna sabuni, lakini mdogo wangu alikuwa anakauka mbele yangu na sikuwa na neno hata moja la kumweleza.

Mvua ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya pili mama alimshika kidevu, akavuta kope, hakusema rangi. Alikunjua kile kiganja na hakukiachia. Mdogo wangu alikuwa akihema kama aliyetoka kukimbia, na kila pumzi aliishikilia kwa mkono kifuani. Baba alitoa baiskeli bila kuulizwa. Tulimfunga kwa khanga mgongoni kwa mama, mama akakaa nyuma ya baiskeli, nikaisukuma mpaka barabarani, baba akitangulia kusimamisha gari. Lori lililokuwa limetoka kupeleka pamba lilitubeba mpaka Musoma.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani Nyakato, palepale Musoma. Miaka ile mafundi hawakushona nguo, waliziba viraka. Aliacha suruali ya mtu kwenye mashine akaja hospitali na uzi bado umening'inia shingoni. Wodi ilikuwa imejaa, watoto wawili wawili kitandani. Daktari alimtazama mdogo wangu macho, akamshika bandama, akasema anahitaji damu kabla ya yote, na damu inatoka kwa ndugu, hakuna iliyohifadhiwa. Tukatobolewa vidole wote. Ya mjomba ndiyo ilikubali.

Shangazi, aliyekuwa amesharudi kwake, alipelekewa habari, akafika kutoka Bunda mchana huo, na kikapu cha viazi kichwani. "Damu ya Butiama tena?" alisema. "Hiyohiyo?"

"Wekeni," baba alimwambia nesi. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akipitisha neno juu ya la dada yake.

Mdogo wangu alitazama chupa ikidondoka. "Kesho nikiamka naongea Kizanaki cha Butiama," alisema kwa sauti ndogo, "msije mkashangaa." Mjomba alicheka mpaka ule uzi ukamdondoka shingoni.

Mpimaji wa maabara alikuwa mtu wa hasira fupi, mwenye kikohozi, na alionekana kuchoshwa na kueleza vitu visivyokuwepo. Umeme haukuwepo, darubini yake aliisogeza dirishani ikachukua mwanga wa jua kwa kioo. Dawa ya kupimia haikuwepo. Alipotaka kufuta kidole cha mdogo wangu kwa spiriti, pamba nayo haikuwepo.

"Mmetoka wapi?"

"Bugwema," baba alisema.

"Huko si kuna pamba?"

Baba aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha pamba chenye mbegu zake, kile ambacho mkulima huwa anakibeba apate kubishana bei. Mpimaji alizitoa mbegu moja moja akaziweka mezani. "Sisi tunalima," baba alisema, bila kumlenga mtu, "na hospitali haina."

Mpimaji alidondosha tone la damu kwenye kipande cha kioo, akalifunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu, akapaka mafuta mazito ya kujipaka pembeni mwote. Alisema ameifungia isipate hewa, na kwa kuwa dawa hakuna, tutangoja mpaka kesho.

Kesho yake aliniita nichungulie. Niliona vitu vya mviringo, vichache, na kati yake vitu vyembamba vilivyopinda, vyenye ncha mbili.

"Chembe ya kawaida ni kama kifungo cha shati," alisema. "Za huyu zikikosa hewa zinajikunja kama mundu. Sasa mundu utapita wapi? Inakwama kwenye mishipa midogo, na ilipokwama ndipo panapouma. Akiwa mchanga inakwama vidoleni. Akikua, popote. Tena hazidumu, zinavunjika kabla mwili haujatengeneza nyingine. Ndiyo hiyo damu kupungua, ndiyo hayo macho. Watu wanaita siko seli."

"Inaambukiza?"

"Haiambukizi. Kazaliwa nayo. Nusu kapewa na baba, nusu na mama. Mwenye nusu moja haumwi, anabeba magunia mpaka uzeeni. Nusu mbili zikikutana kwa mtoto, ndiyo huyu. Na si kila mtoto. Wewe mbona mzima?"

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, kwa sababu nilijua nimepata kitu cha kuimaliza ile kesi. Niliwaeleza wote pale kwenye benchi la ukumbini, mama, baba, mjomba, shangazi. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Baba alitazama mikono yake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Sawa. Basi wapimwe wote wawili hapo kwenye kioo. Hicho ndicho kiapo. Kikimkamata mtu, tumejua."

Kwetu, zamani, na si zamani sana, watu wawili wakigombana bila shahidi walikula kiapo mbele ya wazee. Mwenye kosa angevimba tumbo, au mifugo yake ingekufa, na aliyenusurika angerudi nyumbani amesafishwa. Kiapo kilikuwa na mlango mmoja wa kutokea: mmoja anakamatwa, mwingine anaachiwa. Nilielewa kwamba shangazi amekigeuza kipimo kuwa kiapo, nikaona haidhuru. Waite wanavyotaka, nilijiambia, majibu yatakuwa yaleyale.

"Pimeni," baba alisema. "Hamtaona kitu. Mimi sijawahi kuumwa."

Mama aliumwagia mkono wake maji ya chupa, akaukausha kwa khanga, akaunyoosha.

Siku iliyofuata tulijazana kwenye kile chumba kinyume cha sheria zake. Mpimaji alichungulia kioo cha mama, akaandika. Akachungulia cha baba, akaandika. Akasema, "Wote wawili." Baba aliomba kuona. Aliinama na mwili wake mkubwa juu ya ile darubini, akafumba jicho lisilofaa, akabadilisha.

"Hizi zilizopinda ni za nani?"

"Zako, mzee."

"Na hicho kingine?"

"Cha mama."

Alichungulia na hicho. Alirudi kwenye cha kwanza. "Zimefanana," alisema, akatoka nje.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeona kitu kimethibitishwa mbele ya macho ya watu, na chuoni tulikuwa tunaamini kwamba kitu kikithibitishwa, watu husogea kukipisha. Shangazi hakusogea.

"Kiapo gani kinakamata wote?" aliuliza. Kisha nikaona uso wake unapata jibu. "Amemwambukiza. Wamelala kitanda kimoja miaka yote hii. Kaka yangu alikuwa mzima."

"Mama, haiambukizi," mpimaji alisema.

"Wewe ulikuwepo?"

Mpimaji akakohoa, akageukia kazi yake. Na huwezi kusema shangazi alitunga kutoka hewani. Wakati huo watu walikuwa wameanza kukonda na kufa kwa ugonjwa mpya, ugonjwa wa damu, uliosemekana unapita kitandani. Magonjwa mawili ya damu, jina moja, kama kawaida yetu. Nilimwambia, basi shangazi, pimwa wewe. Hujawahi kulala na mama. Ukionekana nayo tutajua imetoka kwenu. Alikunja mikono ndani ya khanga mpaka vidole vikapotea.

"Mimi sina kesi," alisema.

Kwa hiyo tulirudi Bugwema na mtoto aliyepata nafuu na kesi iliyokuwa mbaya kuliko tulivyoiacha. Mwanzo mama alidaiwa kuwa amezaa vibaya. Sasa alidaiwa kuwa amemharibu mume. Mdogo wangu alilijua hilo, maana watoto wagonjwa husikia kila kitu, wamelala palepale watu wanapozungumzia. Nilimkuta anamfundisha mwanamke jirani namna ya kuvuta kope. "Siyo hivyo, mama, unanitoboa," alikuwa anasema. "Vuta taratibu. Sasa tazama. Ikiwa kama ndani ya pera, sawa. Ikiwa kama muhogo, kimbia." Alikuwa anatayarisha mtu wa kushika nafasi ya mama. Niliondoka mlangoni kabla hajaniona.

Wazee walikaa uani kwetu, pamba ikiwa imeshauzwa. Nilikuwa nimechukua punje za mahindi, nyeupe na za njano, nikazipanga kwenye ungo nieleze jinsi nusu zinavyokutana. Hakuna aliyeniita. Mama alikaa chini upande wa jiko na mjomba karibu naye, kavaa koti lenye viraka vilivyoshonwa kwa ustadi hata vikaonekana ni mtindo. Shangazi aliruhusiwa kusema kwa sababu ya umri wake, akasema yote: watoto wawili, huyu wa tatu, chuku, hospitali, kiapo, na kaka yake aliyekuwa mzima akaonekana na mundu kwenye damu. Wazee waliitikia kwa koo. Nilijua wameshaamua.

Mjomba aliomba kusimama.

"Wazee wangu, mimi ni fundi wa viraka tu, sijui damu. Nauliza. Kile cha hospitali, nani alikiita kiapo?"

"Dada yetu alikiita," mzee mmoja alisema.

"Nanyi mmekiridhia?"

"Tumekiridhia."

"Shemeji, ulikula mwenyewe, hukulazimishwa?"

Baba alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa amemtazama mtu tangu tukae.

"Kikamkamata dada yangu. Sikatai. Kikamkamata na shemeji. Sasa mimi kwetu nilifundishwaga kwamba aliyekamatwa na kiapo hadai. Hata kama mwenzake kakamatwa pia, yeye hadai. Mwenye kosa anadaije ng'ombe? Labda huku kwenu ni tofauti. Mnieleze, nikirudi Butiama niwaambie."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye ungo wangu wa mahindi. Mzee mkubwa alimtazama shangazi, na shangazi akaanza, "Lakini yeye aliambukizwa," na mzee akamkata.

"Kiapo hakisemi nani alianza. Kinasema nani yumo. Ulikiita wewe, dada."

Basi ikaisha. Mama akabaki, ng'ombe wakabaki, na hakuna hata mtu mmoja pale aliyekuwa anaamini kile nilichokiona kwenye darubini. Wazee walikunywa togwa, wakaondoka. Mjomba alinipiga begani. "Mpwa wangu, umenuna nini? Si amebaki?"

"Amebaki kwa sababu isiyo ya kweli."

"Ya kweli ulikuwa nayo wewe siku zote," alisema. "Ilimsaidia nini?"

Nimeligeuza swali hilo kila upande, mpaka leo silipendi na siliwezi.

Sheria ya kiapo ilidai malipo yake. Mtu aliyekamatwa hasafishiki, na baba aliamini amekamatwa. Alihamishia kitanda chake kwenye chumba cha mbegu. Alikula peke yake. Hakumtukana mama wala hakumsemesha. Aliacha kuni mlangoni pake kama mtu anayelisha nyumba ya jirani. Mara moja tu nilimsikia akilisema. Tulikuwa tunang'oa mabua ya pamba, akasimama ghafla, akasema mama yake naye alizikaga watoto, wale wasiohesabiwa, waliokufa kabla ya kuota meno. Nilimuuliza kama walivimba vidole. Akainama akaendelea kung'oa.

Mdogo wangu alipata miaka saba zaidi, na nchi ikabadilika kumzunguka. Maduka ya Musoma yalijaa sabuni za kila rangi. Mitumba ilimwagwa chini sokoni, na humo mama alimchagulia masweta mazito ambayo mtu mwingine, mahali pa baridi, alikuwa ameyachoka. Hospitali ikawa na pamba nyeupe iliyofungwa kwenye karatasi ya buluu, haina mbegu, ikawa na foliki, vile vidonge vya damu, na chupa za maji ya mshipani, na dirisha jipya la kulipia mlangoni. Mara mbili mama alirudishwa kutoka dirisha hilo. Zamani tulikosa kwa sababu hakuna, sasa tulikosa kwa sababu ipo. Nilimaliza chuo, nikafundisha, nikaacha, nikatafuta kazi ya ofisi, nikaacha. Kila niliporudi nilimkuta yuleyule, mfupi, macho ya njano, ananiuliza kama nimeleta kete.

Alikufa mchana, Musoma, msimu wa mvua, kifua kikiwa kimembana tangu juzi yake. Nilikuwa upande mmoja wa kitanda na mama upande wa pili. Aligeuza uso wake mwenyewe penye mwanga wa dirisha.

"Mama, leo rangi gani?"

Mama alilivuta kope. Nilikuwa naona vizuri kutoka nilipokaa. Ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa.

"Mwekundu," mama alisema.

Mdogo wangu alimtazama, kisha akanitazama mimi, akaachia midomo kidogo kama anayetaka kucheka. Sijui kama aliamini. Ninachojua ni kwamba hakubisha.

Tulimzika kwenye mikonge, pembeni ya wale wawili. Matanga yalipoanuliwa mama alifua khanga zake, akazikausha, akazifunga. Hakuna aliyemfukuza. Shangazi mwenyewe, ambaye kwenye msiba alilia mpaka akazimia, alimwambia, "Wifi, sasa unakwenda wapi?"

"Nyumbani," mama alisema.

"Hapa si nyumbani?"

"Nilikuwa na kazi hapa, wifi. Imekwisha."

Baba alimbebea mzigo mpaka barabarani. Alisimama nao begani mpaka basi likaja, akaupandisha, akashuka. Nilipoangalia nyuma kutoka kiti changu kando ya mama, alikuwa bado yupo, mikono yake mitupu ameiacha ikining'inia.

Butiama tulikuta mjomba amerudi kuzeekea kwao, na mkwe wake, mke wa mwanawe, ana mtoto wa miezi michache. Kama ilivyo desturi, mgeni wa ukoo alipewa mtoto mikononi hata kabla ya maji ya kunywa. Mama alimpokea. Alimtazama usoni, kisha akakishika kiganja chake kidogo akakikunjua, akapapasa vidole, kimoja kimoja, akiminya taratibu.

"Anafanana na nani, shangazi?" yule binti alimuuliza mama akitabasamu.

Mama alikuwa ameshasimama, mtoto kifuani, anaelekea mlangoni.

"Humu giza," alisema. "Njooni huku penye mwanga."